Kadi ya mtandao inaangusha paketi? Ibebeshe mzigo mpaka ijitaje

Wadau wa cyber, hotspot na kamera hapa Kisumu na pia nyinyi wa Nakuru na Kakamega, kuna shida moja inakula watu pesa bure. Wateja wanalalamika simu ya WhatsApp inakatika katikati ya neno, fomu inazunguka mpaka inagoma, lakini ukipiga ping majibu yote yanarudi vizuri, basi unapigia mtoa huduma anakwambia laini iko sawa, unanunua rauta mpya, unapanda juu ya paa kugeuza antena, na bado. Mara nyingi shida iko kwa kadi ya mtandao ya ile mashine inafanya kazi ya seva, ama kwa kebo iliyochomekwa hapo, na haionekani kwa sababu ping ya kawaida inatuma paketi (kifurushi kidogo cha data) moja ndogo kila sekunde. Hiyo hata kadi mbovu inabeba. Wiki ya mwisho ya Juni watu wakijaa kujaza returns, mashine zote zimewaka, hapo ndo utajua kama kadi yako ni mzima.

Kitu moja nataka ushike kabla hujagusa chochote: paketi haipotei hewani. Inaangukia mahali, na kila mahali inaweza kuangukia pana kaunta yake. Kuna kaunta ya kebo, kaunta ya kadi yenyewe, ya kerneli (kiini cha Linux), na ya programu inayopokea. Kwa hivyo kazi ni mbili tu, bebesha mzigo, alafu soma ni kaunta gani imepanda. Ukianza kubadilisha vifaa kabla hujasoma kaunta unabahatisha na pesa yako.

Vitu vya kuandaa

Unataka mashine mbili, moja ni ile unashuku na nyingine ni ile unaiamini. Zile desktop za ex-UK, OptiPlex na ProDesk, zinafaa sana kuwa mashine ya kuaminiwa kwa sababu nyingi zina kadi ya Intel ya gigabiti ndani. Ukiwa na kadi ya kuchomeka kwa USB jua kwamba poti ya USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde hata kama boksi imeandikwa gigabiti, kwa hivyo usiitumie kuhukumu mwenzake.

Kebo nayo iwe fupi, Cat5e ama Cat6, na iwe shaba tupu. Madukani kumejaa kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba juu na bei yake inavutia. Kuitambua, toa uzi mmoja, kwaruza na wembe, ukiona ndani imekuwa nyeupe kama fedha hiyo si shaba, iweke kando, usipime nayo kitu.

Flashi ya Ubuntu ya kuwasha bila kuinstoli inatosha, Windows ya mteja hutaigusa. Washa mashine zote mbili na flashi, ziunganishe na intaneti kidogo, alafu kwa kila moja weka iperf3 ya kuzalisha mzigo, ethtool ya kusoma kadi na sysstat ya kuangalia prosesa:

`sudo apt install iperf3 ethtool sysstat`

Ikikataa kupata iperf3, washa kwanza hazina ya universe na `sudo add-apt-repository universe`, kisha `sudo apt update`.

Sasa toa intaneti, chomeka kebo moja kwa moja kutoka mashine hadi mashine. Bila swichi, bila rauta. Kwa gigabiti huhitaji kebo ya kuvuka, kadi zinajipangia zenyewe. Watu wanapenda kupima kupitia swichi ya dukani alafu wanabaki na washukiwa watatu badala ya mmoja.

Angalia jina la kadi kwa `ip link`. Kwangu nitaiita `eno1`, yako inaweza kuwa `enp3s0` ama nyingine. Ipe anwani ya mkono, na uambie NetworkManager, ile programu inayosimamia mtandao, isiiguse, manake bila hiyo inaweza kukufutia anwani katikati ya kazi:

`sudo nmcli dev set eno1 managed no`
`sudo ip addr add 10.10.10.1/24 dev eno1`
`sudo ip link set eno1 up`

Hiyo ni ya ile unashuku. Mashine ya pili, ile unaiamini, fanya vivyo hivyo lakini iwe 10.10.10.2.

Kabla ya mzigo, iangalie ikiwa imetulia

Andika `sudo ethtool eno1` na utafute mistari miwili hii:

`Speed: 1000Mb/s`
`Duplex: Full`

Ikisema 100Mb/s, simama hapo hapo. Gigabiti inatumia jozi zote nne za waya ndani ya kebo, lakini megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hivyo jozi ya bluu ama ya kahawia ikikatika, ama pini ya 7 haikuumwa vizuri na krimpa, kadi nyingi zinashuka zenyewe hadi 100 na kuendelea kufanya kazi kama hakuna kitu, mtu hajui mpaka hotspot ijae. Badilisha kebo kwanza. Ikibaki 100 na kebo nzuri, poti ya kadi imeumia, na huku kwetu swali langu la kwanza kwa mwenye mashine huwa mvua ya juzi ilikuwa na radi? Ukanda huu kutoka Kericho, Kisii hadi Kakamega radi si mchezo, na mtu akivuta kebo ya UTP kutoka paa hadi kwa seva bila kinga ya mshtuko, radi ikipiga tu karibu poti inaweza kubaki nusu hai. Inawaka taa, inapata anwani, lakini inaharibu paketi.

Kama iko 1000 na Full, yaani inatuma na kupokea kwa pamoja, hifadhi kaunta za mwanzo kwa mashine zote mbili:

`sudo ethtool -S eno1 > kabla.txt`
`nstat -az > kabla-k.txt`

Usiruke hii. Namba yenyewe haina maana peke yake kwa sababu kaunta zinaanza kuhesabu mashine ikiwaka, kinachokuambia ukweli ni tofauti ya kabla na baada.

Alafu zima breki, nitaeleza kwa nini:

`sudo ethtool -A eno1 autoneg off rx off tx off`

Hii ni ile ishara ya kusimamisha ambayo kadi inamtumia mwenzake ikilemewa, "ngoja kidogo". Ni kitu kizuri kwa matumizi ya kawaida, lakini wakati wa kupima inaficha ugonjwa, kadi dhaifu haitaangusha kitu, itakuwa tu inamwambia mwenzake angoje na wewe unaona kasi imeshuka bila sababu. Ifanye pande zote mbili. Laini inaweza kukatika sekunde chache na kurudi, usishtuke. Kuna draiva zinakataa hiyo amri, sawa tu, endelea, lakini kumbuka breki bado iko.

Mzigo wa kwanza, TCP

Mashine ya kuaminiwa: `iperf3 -s`

Ile unashuku: `iperf3 -c 10.10.10.2 -t 60`

Kisha rudia na `-R` mwishoni ili mzigo uje upande wa pili, na mara ya tatu na `--bidir` uende pande zote kwa pamoja. Kadi nyingi zinapita kutuma na kufeli kupokea, kwa hivyo usiridhike na upande mmoja.

Namba ya kutarajia ni karibu megabiti 940. Usitafute 1000, haitakuja, ile iliyobaki inaliwa na vichwa vya paketi na nafasi kati ya paketi na paketi. Angalia safu ya `Retr`, hizo ni paketi zilizotumwa tena kwa sababu zilipotea. Kwa kebo moja fupi inapaswa kuwa sifuri ama chache sana pale mwanzo. Ukiona zinaendelea kupanda kila sekunde hadi mwisho, ugonjwa upo.

Lakini TCP ni mpole mno kwa kazi hii. Ikiona paketi imepotea inapunguza mwendo yenyewe, inaihurumia kadi, kwa hivyo haiwezi kukuonyesha mwisho wa nguvu.

Mzigo wenyewe, UDP

UDP haihurumii. Unaiambia kasi, inatuma kwa kasi hiyo, kilichopotea kimepotea. Panda ngazi kwa ngazi:

`iperf3 -c 10.10.10.2 -u -b 100M -t 60`

halafu 300M, 500M, 700M, 900M, na kila moja uirudie na `-R`. Usisahau kuandika `-b`, bila hiyo UDP ya iperf3 inaenda megabiti 1 tu na utadhani kadi yako ni malaika. Mwisho wa kila zamu inaandika paketi ngapi zimepotea kati ya ngapi, na asilimia. Andika kwa daftari kando ya kasi.

Hapa kuna mtego mkubwa na ndo maana kadi nyingi zinatupwa bila kosa. Ukipata mfano asilimia 2 imepotea kwa 900M, usiseme ni kadi bado. Inawezekana kadi ilipokea kila kitu, kerneli ikapokea, lakini iperf3 yenyewe haikufika kuchota kwa wakati na bafa yake (nafasi ya paketi kusubiria) ikafurika. Kwa mashine iliyopokea andika:

`nstat -az | grep UdpRcvbufErrors`

Linganisha na ile ya kabla-k.txt. Ikiwa hiyo namba imepanda karibu sawa na zile zilizopotea, kadi haina hatia. Ongeza bafa, pande zote mbili:

`sudo sysctl -w net.core.rmem_max=8388608`
`sudo sysctl -w net.core.wmem_max=8388608`

kisha ongeza `-w 4M` kwa amri ya iperf3 na urudie. Zikipotea tena na UdpRcvbufErrors imetulia, sasa tunaweza kuongea habari ya kadi.

Baada ya paketi kubwa, jaribu ndogo, na hii ndo sehemu watu wanaruka kabisa. Kinachochosha kadi na prosesa ni idadi ya paketi kuliko uzito wake. Gigabiti moja ikijazwa na fremu (paketi ikiwa kwa waya) kubwa za baiti 1518 ni fremu 81,274 kwa sekunde, lakini ikijazwa na ndogo za baiti 64 ni 1,488,095. Simu za WhatsApp na gemu zinatuma paketi ndogo ndogo, kwa hivyo kadi inaweza kupita mtihani wa kudownload filamu na kufeli kwa sauti. Tumia:

`iperf3 -c 10.10.10.2 -u -b 0 -l 64 -t 60`

`-b 0` ni kusema tuma kadiri unavyoweza. iperf3 haitafika milioni na nusu, prosesa itaishiwa pumzi kwanza, lakini itatosha kuonyesha kadi dhaifu. Anayetaka kujaza kabisa kuna moduli ya pktgen ndani ya kerneli ya Linux, lakini hiyo usiiwashe ukiwa umeunganishwa na mtandao wa wateja, tafadhali, utaangusha mtaa mzima.

Nani ameangusha?

Sasa soma tofauti:

`sudo ethtool -S eno1 > baada.txt`
`diff kabla.txt baada.txt`

Majina yanatofautiana kulingana na draiva. Intel nyingi utaona `rx_crc_errors`, `rx_missed_errors`, `rx_no_buffer_count`. Realtek zina orodha fupi, tafuta `rx_errors`, `rx_missed`, `align_errors`.

Ikipanda CRC (hesabu ya kukagua kama paketi ni nzima), paketi ilifika ikiwa imeharibika njiani. Hiyo ni kebo, plagi, poti, ama kelele ya umeme, mfano kebo imefungwa pamoja na waya za stima kwa mita nyingi. Kiwango cha gigabiti chenyewe kinaruhusu biti moja mbovu kwa kila biti bilioni 10, lakini kwa kebo fupi nzima mimi nataka kuona sifuri, na kwa kweli huwa sifuri. Badilisha kebo, rudia. Badilisha poti ya upande ule mwingine, rudia. CRC ikiendelea kumfuata huyo huyo, kadi imeumia na hakuna amri ya kuitibu.

Ikipanda missed, kebo iko sawa, paketi ilifika ikiwa nzima lakini kadi haikuwa na mahali pa kuiweka kwa sababu kompyuta ilichelewa kuichukua. Ni kama matatu imefika stendi ya Kondele na abiria wa kwanza bado hawajashuka. Hii mara nyingi inatibika bila kununua kitu. `ethtool -g eno1` inakuonyesha ukubwa wa foleni ya sasa na mwisho wake, ukiona RX ya sasa ni 256 na mwisho ni 4096, panua:

`sudo ethtool -G eno1 rx 4096`

Realtek nyingi hazikubali hiyo. Pia angalia `mpstat -P ALL 1` wakati mzigo unaenda, safu ya `%soft`. Ukiona kori moja ya prosesa imefika 100 na zingine zimelala, shida ni kazi yote imerundikwa kwa kori moja. Na kama ni kadi ya zamani ya kuchomeka kwa sloti ya PCI ile nyeupe ndefu, usijisumbue, njia hiyo mwisho wake ni megabaiti 133 kwa sekunde na inagawanywa na kila kitu kingine kiko juu yake, haiwezi kubeba gigabiti kwenda na kurudi kwa pamoja.

Kaunta ya `dropped` kwa `ip -s link` ichukue kwa tahadhari. Inahesabu pia paketi za lugha ambayo mashine haiielewi, zile matangazo ya swichi kwa swichi, kwa hivyo kwa mtandao wa kawaida inaweza kupanda polepole hata kama hakuna ugonjwa wowote. Ndo sababu nyingine ya kupima kebo moja kwa moja.

Kama kaunta zote zimetulia kwa upande unaopokea lakini paketi zinapotea, geukia anayetuma, na usome `sudo dmesg | tail -50`. Ukiona `Detected Hardware Unit Hang` kwa Intel ya draiva ya e1000e, hiyo kadi inagandia na kujiwasha upya, na katikati hapo paketi zinamwagika. Jaribu:

`sudo ethtool -K eno1 tso off gso off`

Imeokoa desktop nyingi za ex-UK ambazo zilikuwa zimehukumiwa kifo. Ukiona laini inakatika na kurudi, `Link is Down` kisha `Link is Up`, zima ile hali ya kubana umeme:

`sudo ethtool --set-eee eno1 eee off`

na urudie mzigo.

Acha ipate joto

Dakika moja haitoshi. Kuna kadi ziko sawa zikiwa baridi alafu zinaanza kuharibu zikishapata moto, na kibanda cha mabati Nyalenda ama Manyatta saa nane mchana si ofisi yenye kiyoyozi. Pima pale pale mashine inafanyia kazi, kifuniko kikiwa kimefungwa, feni ikiwa na vumbi lake na wale wadudu wa ziwa waliokwama ndani, usiisafishe kwanza, unataka kuona hali halisi. Weka kasi ya juu kabisa ambayo ilipita bila hasara, mfano 900M, na uiache kwa muda wa saa nne:

`iperf3 -c 10.10.10.2 -u -b 900M -t 14400 -i 60`

`-i 60` inaandika mstari kila dakika, kwa hivyo utaona hasara ilianza dakika ya ngapi. Hasara ikianza baada ya muda na kupanda pole pole, joto. Ikija kwa mafungu ya ghafla, tingisha kebo karibu na plagi ukiangalia skrini, klipu iliyovunjika inajulikana hapo hapo. Baada ya hiyo safisha feni, rudia, ulinganishe.

Wenye MikroTik kwa hotspot, kaunta ziko pia, `/interface ethernet print stats`, angalia `rx-fcs-error`, hiyo ndo CRC kwa jina lingine. Lakini msitumie bandwidth test ya rauta yenyewe kupima rauta hiyo, kuzalisha mzigo kunakula prosesa ya rauta na namba zinatoka chini. Weka mashine moja upande huu na nyingine upande ule, mzigo upite katikati.

Ukirudisha kadi dukani

Muuzaji hataki kusikia "inasumbua". Mpelekee karatasi: `ethtool -i eno1` inaonyesha draiva na toleo lake, `uname -r` inaonyesha kerneli, zile faili za kabla na baada, na matokeo ya iperf3 ya kadi hiyo kando ya matokeo ya kadi nyingine kwa kebo ile ile na mashine ile ile. Hiyo ya mwisho ndo inamaliza ubishi.

Ukiwa ulipima kwa flashi, kuzima tu kunarudisha kila kitu. Ukiwa ulipima kwa mfumo wenyewe wa seva, rudisha breki na `sudo ethtool -A eno1 autoneg on rx on tx on`, ondoa ile 10.10.10.1 na `sudo ip addr del 10.10.10.1/24 dev eno1`, kisha `sudo nmcli dev set eno1 managed yes`. Na zile dawa zilizosaidia, za `-G`, `-K` na eee, zinapotea mashine ikizimwa, na stima ya huku mnaijua, kwa hivyo ziweke kwa huduma ndogo ya systemd (ile inayowasha huduma za Linux) ziwe zinajiweka kila mashine inapowaka.